Kwa nini kila nikitua na MiG-21 Mwanza naishia ziwani? Wajuzi wa jeti za zamani njooni

#1 Furu wa Ziwa
Wakuu habari za jioni.

Mwenzenu nina ugonjwa wa jeti za zamani tangu utotoni. Wengine damu yao ni Simba na Yanga, mimi nikiona pua ya MiG-21 nasahau hata chakula mezani. Sijawahi kupanda ndege yoyote ya kweli. Ninachorusha ni simyuleta, tena kwenye laptopu ya mtumba, programu ni FlightGear kwa sababu ni ya bure na ina dunia nzima ndani yake, mpaka Mwanza.

Ndege ni MiG-21bis, jeti ya kivita ya Kisovieti, uwanja ni wetu huu wa Ilemela, Mwanza (msimbo wake kwa marubani ni HTMW). Natokea upande wa vilima, natua njia namba 30, ziwa liko mbele yangu. Nagusa chini vizuri tu. Nafunga breki. Ndege inaendelea kama haijasikia, mwisho wa lami huo, majani hayo, chubwi.

Nimejaribu mara 14. Mara 11 ziwani, mara 2 kwenye mawe kabla ya uwanja, na mara moja ilisimama lakini kichwa chini. Nakosea wapi?

#2 Msoma Kimya
Natandika mkeka hapa nisubiri wajuzi.

#3 Bawa Delta
Mkuu, tatizo lako linaitwa hewa nyepesi. Uwanja wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Weka na joto la mchana, tuseme nyuzi 28. Kwa bawa lako hiyo ni sawa na kuwa karibu mita 1,900 juu. Saa ya mwendo inapima msukumo wa hewa, haipimi lami inavyopita chini yako. Ikikuonyesha kilomita 310 kwa saa, ardhini unakimbia kama 340.

Hiyo tofauti ndogo usiidharau. Nguvu ya kuimeza kwenye breki inakwenda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo unabeba kama asilimia 20 zaidi ya mtu anayetua pwani kwa namba ileile. Breki ni zilezile, lami ni ileile.

Ukitaka kuhakikisha, peleka hiyo ndege Tanga ujaribu.

#4 Mama Sato
Wenzio wakiingia ziwani wanatoka na sangara, wewe unatoka na Mig. Hata dagaa huna 😂

#5 Kanali Feki
#3 maneno mengi. Mig haisimamishwi na breki, inasimamishwa na PARACHUTI. Ile ndege ina parachuti mkiani, ukigusa chini unaifungua, mwendo unakatika. Warusi walitengeneza hizo ndege 20,000 na zote ziko hivyo. Bonyeza parachuti, ulale.

#6 Furu wa Ziwa
Kanali sikujua kama ina parachuti. Mara 14 zote nilikuwa nafunga breki kwa kidole, herufi B ya kibodi. Usiku wa leo najaribu.

#7 Bawa Delta
Parachuti ipo, hapo Kanali yuko sahihi. 20,000 kazipata kijiweni. Umoja wa Kisovieti ulitengeneza zaidi kidogo ya 10,600, India zaidi ya 600, Czechoslovakia karibu 200. Jumla haizidi 11,500. Hata hivyo hakuna jeti ya mwendo wa kupita sauti iliyotengenezwa kwa wingi kuliko hiyo. Bila hesabu za Wachina hapo, maana wao walikuwa na yao, J-7, ambayo nje iliuzwa kwa jina la F-7.

Na Furu, parachuti ukiifungua ukiwa na mwendo mkubwa mno inakatika. Iache hadi mwendo upungue kidogo.

#8 Kanali Feki
11,500 na 20,000 tofauti yake nini, zote ni nyingi.

#9 Fundi Redio Nyakato
Mimi nadhani wote mnamwonea mtoto wa watu. Furu, laptopu yako inachora picha ngapi kwa sekunde? Ikiwa chini ya 15, hiyo ndege hauirushi wewe, unaitazama tu ikijirusha. Unavuta mkono sasa, yenyewe inasikia baadaye, wakati huo umeshapita nusu ya lami.

Yalinikuta. Nilikuwa na kompyuta ya ofisini ya zamani, kila nikikaribia ardhi inaganda, kwa sababu chini ndiko kwenye vitu vingi vya kuchora. Nikawa najiona rubani mbovu miezi mitatu. Nilipopunguza miti na mawingu nikatua siku hiyohiyo.

Sasa hivi nimejenga chumba cha rubani kwa mbao za faneli. Pedali ni za baiskeli ya Phoenix, usukani ni mpini wa jembe na vizungushio viwili vya sauti nilivyong'oa kwenye redio mbovu. Mke wangu anaiita kabati.

#10 Mama Sato
Fundi, muombee huyo mama. Amevumilia jembe ndani ya nyumba.

#11 Jakisumu
Salamu kutoka Kisumu. Nyinyi watu wa Mwanza na Mig zenu! Sisi Kenya tulirusha ndege za watu wastaarabu: Hawker Hunter miaka ya 70, halafu F-5 zikaja 1978. Hunter ukiitua inakaa chini kama bibi anayekaa kwenye jamvi. Mig ni bomba la moto lenye vibawa.

#12 Furu wa Ziwa
Jakisumu hivyo vibawa ndivyo vinanitoa usingizi. Mita 7.15 kutoka ncha hadi ncha! Hiace mbili zikipangwa mkia kwa pua ni ndefu kuliko hapo. Halafu injini moja nyuma, rubani amekaa mbele kama amepanda mshale. Nani hapendi?

#13 Bawa Delta
F-104 ya Wamarekani ilikuwa na vibawa vifupi zaidi, mita 6.6 na kidogo. Hilo bomba ndilo bomba.

Lakini nirudi kwenye mada, nimekumbuka jambo. Hiyo bis ina mfumo wa kupuliza hewa ya injini juu ya flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa, wakati wa kutua. Hewa inatolewa kwenye injini yenyewe, kwa hiyo ukirudisha mkono wa gesi nyuma mapema, upepo unakufa na ndege inaanguka kama tofali. Marubani wake walifundishwa kushika gesi mpaka tairi ziguse. Furu, wewe gesi unaikata lini?

#14 Furu wa Ziwa
Naikata nikiwa bado juu 😬 Inaanguka kweli. Ndiyo maana nilianza kuja na mwendo mkubwa, 400 hivi, isinidondoshe kwenye mawe.

#15 Bawa Delta
Basi jibu umelitoa mwenyewe.

#16 Fundi Redio Nyakato
Siyo lazima. Mnajuaje kama hiyo ndege ya bure imewekewa huo mfumo wa kupuliza? Ndege halisi ni kitu kimoja, ndege aliyoiandika mtu wa kujitolea usiku baada ya kazi ni kitu kingine.

#17 Rubani wa Sebuleni
Nimewakuta mbali. Mimi natumia DCS, simyuleta nyingine, ina MiG-21bis iliyotoka 2014, na huo mfumo wa flapu upo, ukikosea unausikia mgongoni. Natua nayo Batumi kila jioni na nasimama kabla ya nusu ya lami. Kwa hiyo ndege haina shida. Shida ni rubani.

#18 Bawa Delta
Batumi iko ufukweni mwa Bahari Nyeusi, karibu kabisa na usawa wa bahari. Umenisaidia kuthibitisha bandiko la 3, asante.

#19 Rubani wa Sebuleni
Hapana mkuu, sijathibitisha chochote. Programu mbili tofauti, ndege mbili zilizoandikwa na watu tofauti. Mimi pia nina pedali na usukani, yeye ana herufi B. Ningekuwa na uwanja wa Mwanza kwenye DCS tungepima, lakini ramani zake hazifiki huku. Ziwa letu hawalijui.

#20 Mzee wa Mabatini
Vijana hamjambo. Huwa nasoma tu, leo nimeona niseme.

Mnavyozitaja hizo ndege kama michezo nimekumbuka mwaka 1979, wakati wa vita na Amin. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Mig tulizijua kwa masikio. Ikipita, vioo vinatetemeka, mwalimu ananyamaza, sisi tunakimbilia dirishani na yeye anakuja nyuma yetu. Mwisho wa Machi ukasikika mshindo ambao haukuwa wa Mig. Mama alituingiza chini ya kitanda. Baadaye watu wakawa wanasema ndege ya Gaddafi imekuja kupiga Mwanza, imekosea shabaha, imepiga kisiwa cha Saanane na kuua wanyama.

Kwa miaka mingi nilidhani ni hadithi ya mtaani. Nani anajua ile ilikuwa ndege gani? Nilichoambiwa ni Mig.

#21 Furu wa Ziwa
Shikamoo mzee. Kumbe jukwaa lina hazina.

#22 Bawa Delta
Shikamoo mzee. Siyo hadithi na wala haikuwa Mig. Ilikuwa Tu-22 ya Libya, tarehe 29 Machi 1979. Inaelezwa ililenga matangi ya mafuta Mwanza, mabomu yakaangukia Saanane. Swala kadhaa walikufa na mfanyakazi mmoja akaumia kidogo. Siku zilizofuata ndege zetu zikajibu huko Kampala, Jinja na Tororo.

Saanane wakati huo ilikuwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, ilianzishwa 1964. Hifadhi ya Taifa imekuja kuwa 2013.

#23 Kanali Feki
Tu-22 ni ile Backfire yenye mabawa ya kukunja. Naijua hiyo.

#24 Rubani wa Sebuleni
Hiyo ni Tu-22M, Kanali. Jina linafanana, ndege ni nyingine kabisa. Libya walikuwa na Tu-22 ya mwanzo, iliyoruka mara ya kwanza 1958. Utaijua kwa injini zake mbili kukaa juu ya mgongo, kwenye shina la mkia, kama masikio. Na viti vyake vya kujiokoa vinarusha watu CHINI, siyo juu. Ukipata shida wakati wa kutua umekwisha.

Wenyewe Warusi waliipenda kwa jambo moja. Ilibeba pombe kali iliyochanganywa na maji kwa ajili ya kupoza mitambo, na mafundi wa chini walijua namna ya kuipunguza.

#25 Mama Sato
Sasa nimeelewa kwa nini walikosa shabaha.

#26 Jakisumu
😂😂😂 Mama umemaliza uzi.

#27 Bukoba Kwanza
Nyie mlipigiwa swala mnacheka. Sisi Bukoba Oktoba 1978 zilikuja ndege za Amin zenyewe. Marehemu bibi alikuwa shambani kwenye migomba, alituambia kilichomtisha zaidi siyo bomu, ni kwamba ndege ilifika kabla ya mlio wake. Akaja kuwa mtu wa kutazama juu mpaka uzeeni. Hata ya abiria ikipita, anasimama mpaka ipotee.

#28 Mzee wa Mabatini
Pole kwa bibi. Na mimi bado natazama juu.

Bawa Delta asante mwanangu. Swali la pili: hiyo ndege ilitoka Libya moja kwa moja?

#29 Kanali Feki
Moja kwa moja, na ikarudi.

#30 Rubani wa Sebuleni
Haiwezekani kirahisi. Tripoli hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 4,000 kwenda tu. Hiyo ndege kwa mafuta yake haifiki kilomita 6,000 jumla. Kwenda na kurudi bila kujazwa angani haitoshi. Nahisi ilianzia karibu zaidi.

#31 Bukoba Kwanza
Au ilikwenda ikatua Uganda kisha ikarudi kwao siku nyingine. Hesabu yako inabana kurudi tu, kwenda haijabana.

#32 Rubani wa Sebuleni
Hapo umenikamata.

#33 Fundi Redio Nyakato
Na zile Mig za Mzee, zilizotetemesha vioo vya shule, zilikuwa Mig kweli au F-7 za Wachina? Mimi nimekulia Pasiansi, kila jeti tuliiita Mig. Hata ya abiria ikipiga kelele tuliiita Mig.

#34 Bawa Delta
Swali zuri, na hapo watu hugombana mpaka asubuhi. China ndiyo ilitusaidia sana upande wa ndege miaka ya 70, kambi ya Ngerengere ni kazi yao. Lakini wazee wengine wanaapa waliona za Kirusi. Uganda nao walikuwa na MiG-21 za Kirusi, kwa hiyo aliyeziona wakati wa vita inategemea aliona za nani.

Njia ya kuzitofautisha ni hii: F-7 za mwanzo zinafuata MiG-21 ya awali, pua yake nyembamba, mgongo umenyooka, na kioo kinafungukia mbele. MiG-21MF pua imenenepa na mgongo una kibiongo cha kuanzia kwa rubani kwenda mkiani. Mzee, unakumbuka mgongo?

#35 Mzee wa Mabatini
Mwanangu, nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeziba masikio. Nakumbuka tumbo lake.

#36 Msoma Kimya
Kuna mtu ana picha za hapo uwanjani, upande wa wanajeshi?

#37 Fundi Redio Nyakato
Wewe umekaa kimya kurasa zote hizi halafu unaamka na hilo? Ukikamatwa usitutaje. Picha za kambi hatupigi wala hatuweki hapa.

#38 Msoma Kimya
Narudi kwenye mkeka wangu.

#39 Furu wa Ziwa
WAKUU MREJESHO.

Jana usiku nimejaribu mara 5. Parachuti nimeipata. Gesi nimeshika mpaka chini kama alivyosema Bawa Delta. Miti na mawingu nimepunguza kama alivyosema Fundi, picha zimepanda kutoka 11 hadi 26.

Mara ya kwanza parachuti ilikatika. Ya pili na ya tatu ziwani, ila polepole, kama mtu anayeingia kuoga. Ya nne NIMESIMAMA kwenye lami! Ya tano ziwani tena, na sikubadilisha chochote.

#40 Bawa Delta
Hongera mkuu. Gesi hiyo.

#41 Fundi Redio Nyakato
Picha 26 hizo.

#42 Kanali Feki
Parachuti. Nilisema tangu bandiko la 5.

#43 Dada Anga
Habari zenu. Mimi nimefunzwa kurusha Cessna, jeti sijawahi kugusa, lakini kuna mambo mawili hakuna aliyeuliza.

La kwanza, Furu, hali ya hewa umeiweka ya moja kwa moja kutoka mtandaoni? Kwa sababu kando ya ziwa upepo wa mchana hutoka majini kuja nchi kavu, usiku unageuka. Ukitua namba 30 mchana unaukabili upepo, vizuri. Ukitua namba 30 usiku, upepo uko mgongoni na unakusukuma kwenda majini. Wewe umesema "jana usiku".

La pili, mafuta. Unaanza umbali gani na tangi likiwaje?

#44 Furu wa Ziwa
Dada shikamoo kwa heshima ya anga. Hali ya hewa ni ya moja kwa moja, ndiyo. Usiku kwa sababu bando la usiku ni rahisi, maana programu inashusha ramani huku unaruka.

Mafuta naanza nikiwa tayari angani, kilomita 15 kutoka uwanjani. Tangi... limejaa.

#45 Dada Anga
Marahaba, ingawa huenda umenizidi umri. Kwa hiyo unatua na zaidi ya tani 2 za mafuta kwenye ndege ambayo yenyewe tupu haifiki tani 6. Hakuna anayetua hivyo kwa hiari. Punguza libaki robo, kisha uje utuambie.

#46 Bawa Delta
Nakubali mafuta ni hoja. Upepo wa usiku kando ya ziwa ni wa polepole lakini, sidhani kama unatosha kumzamisha mtu.

#47 Dada Anga
Upepo wa nyuma wa kilomita 10 kwa saa unaongeza kwenye mwendo wa ardhini zilezile kilomita 10, juu ya zile 30 ulizomhesabia wewe. Zijumlishe halafu uziweke kwenye mraba wako.

#48 Bawa Delta
Nimejumlisha. Nimenyamaza.

#49 Jakisumu
Mnapiga hesabu nyingi kwa uwanja ambao nasikia lami yake ilirefushwa. Furu, ramani yako ni ya mwaka gani? Labda unatua Mwanza ya zamani. Lami mpya mbele haipo, unaingia ziwani kihalali kabisa.

#50 Fundi Redio Nyakato
Aisee. Hilo hata mimi sikuliwaza. Kweli ilirefushwa. Pima kwenye ramani yako halafu ulinganishe na picha za satelaiti.

#51 Rubani wa Sebuleni
Mkenya ametoa hoja ya maana kuliko sote. Tumekwisha.

#52 Jakisumu
Asanteni. Niungame pia. Jana nilipakua hiyo FlightGear nije niwaonyeshe namna Mig inavyotua. Nimetua Kisumu. Kwa sasa niko ziwani, upande wa Kenya.

#53 Mama Sato
Karibu. Tutaonana katikati.

#54 Furu wa Ziwa
😂 Pole jirani. Ukiweza kutazama kipimo cha mlalo, kile cha Kirusi kinanichanganya hadi leo: alama ya ndege ndiyo inainama, upeo wa macho unabaki umenyooka. Kwenye ndege za Magharibi ni kinyume. Ndivyo nilivyosimama kichwa chini ile siku, nilikata kona upande usio wenyewe.

#55 Mzee wa Mabatini
Furu mwanangu, mimi kompyuta sina, simu hii amenipa binti yangu. Hiyo dunia yako ya kwenye laptopu, Saanane ipo? Ningependa siku moja nione ilivyoonekana kwa yule aliyekuwa juu. Kwa mwendo ule unapata muda wa kukiona kisiwa kweli?

#56 Furu wa Ziwa
Mzee, nimekwenda sasa hivi. Nimepita juu kwa mwendo wa 900, urefu wa mita 600 juu ya maji.

Kipo, ila ni baka la kijani lisilo na mti wala jiwe. Bila kujua pa kutazama ungedhani ni kivuli cha wingu. Tangu kionekane mpaka kipite chini ya pua ni kama sekunde nane. Capri Point inafuata hapohapo, halafu mji wote. Nimerudia mara tatu. Mara ya tatu nikakikosa kabisa.

#57 Mzee wa Mabatini
Sekunde nane.

Haya. Asante.

#58 Fundi Redio Nyakato
Mzee usiondoke. FlightGear inaruhusu mtu yeyote kuongeza vitu kwenye ramani. Tunaweza kuchonga mawe ya Saanane yakawekwa. Jiwe la Bismarck pia, ni aibu mji wa mawe hauna jiwe. Mimi kuchonga naweza, nahitaji picha za kila upande na mtu wa kukadiria urefu wake.

#59 Dada Anga
Nina nafasi Jumamosi, naweza kupanda boti nikazunguka kisiwa chote. Upande wa magharibi una mawe makubwa.

#60 Furu wa Ziwa
Tuko pamoja. Nitakuja na kamba ya kupimia.

#61 Kanali Feki
Kiingilio na boti nani analipa?

#62 Mama Sato
Wewe. Mig 20,000 huwezi kukosa nauli.